Azae Sasa au Asubiri? Kweli na Uongo Kuhusu Kuzaa Kabla ya Siku

Sondu ni mji wa mpakani. Upande mmoja ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Upande wa pili ni Kericho. Na ukiifuata barabara ya Oyugis hukawii kuingia Homa Bay. Sokoni Dholuo na Kipsigis hukutana kwenye bei ya fahali mmoja, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachofunga biashara. Imani kuhusu mimba nazo huvuka mpaka humo humo, pamoja na ng'ombe, mboga na omena. Mwanamke aliyeambiwa kliniki asubuhi kwamba huenda akazalishwa kabla ya siku zake, jioni huwa ameshapewa mashauri ya mama mkwe, ya jirani, ya nyamrerwa, mkunga wa jadi, na ya mwenye kibanda cha mitumba, na hakuna mawili yanayopatana.

Nimeyakusanya hapa yale yanayosemwa zaidi. Mengine ni uongo mtupu, mengine yana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoua. Yote yanazunguka maswali mawili ambayo daktari mzuri hujiuliza kabla ya kuamua: hatari iko wapi zaidi, ndani ya tumbo au nje? Na mtoto akitoka, atapokelewa na nani, wapi?

"Mtoto wa miezi saba anaishi, wa miezi minane anakufa." SI KWELI.

Hili ni gumu kung'oa, na wazee wetu hawako peke yao. Maandishi ya Wagiriki wa kale yanayohusishwa na tabibu Hippocrates yana risala nzima juu ya mtoto wa mwezi wa nane, na inasema hivyo hivyo. Imani hiyo imedumu zaidi ya miaka 2,000 bila kuwa kweli hata mwaka mmoja. Mambo mengine yakiwa sawa, kila wiki anayoongeza mtoto tumboni humkomaza mapafu, humwongezea mafuta ya kumkinga na baridi na kumpa nguvu za kunyonya. Wa wiki 34 ana nafasi kubwa kuliko wa wiki 30. Hakuna mwezi wenye mkosi.

Imani yenyewe hupata nguvu kwenye hesabu. Kliniki huanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba kamili ni wiki 40. Ukizigawa wiki nne nne unapata miezi kumi. Ukifuata kalenda ya ukutani unapata tisa. Kwa hiyo mama anayesema "niko miezi saba" anaweza kuwa wiki 28 au wiki 32, na hizo ni mimba mbili tofauti kabisa kwa mtu anayepaswa kuamua. Yule "wa saba" anayetajwa kijijini kuwa alipona, huenda alikuwa wa nane tangu mwanzo. Na "wa nane" aliyefariki huenda aliuawa na ugonjwa uliomtoa mapema, si na umri wake.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, WHO, tangu 2016 linashauri kila mjamzito apigwe skani moja kabla ya wiki ya 24. Skani ya mapema hukosea kwa siku chache tu. Ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata kwa wiki tatu. Mama anayeanza kliniki tumbo likiwa kubwa humwachia daktari kazi ya kukisia, na akikisia vibaya, mtoto ndiye anayelipa.

"Presha ya mimba hutulizwa kwa dawa na kupumzika. Subiri miezi itimie." SI KWELI.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanawake wengi wanapopotea.

Dawa za presha hushusha namba. Humkinga mama asipasuke mshipa wa ubongo, na kazi hiyo ni kubwa. Lakini presha ya mimba inayokuja na protini kwenye mkojo si ugonjwa wa presha peke yake. Chimbuko lake ni kondo la nyuma. Kondo likiwa bado ndani, ugonjwa unaendelea chini kwa chini: figo zinachoka, ini linavimba, damu inapoteza uwezo wa kuganda, mtoto anakosa chakula na oksijeni. Hakuna dawa inayouponya ila kondo kutoka, na kondo hutoka baada ya mtoto.

Namba za kujua ni hizi. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140 juu ya 90 au zaidi ni onyo. Ikifika 160 juu ya 110 ni dharura, hata kama mama amekaa na kucheka. Kuanzia hapo, umri wa mimba ndio unaoamua. Wiki 37 zikitimia, hakuna faida ya kungoja; utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2009, uitwao HYPITAT, ulionyesha kwamba kuanzishiwa uchungu kulipunguza madhara kwa mama kuliko kusubiri. Kabla ya wiki 34, ikiwa hali si kali mno, madaktari hujaribu kununua siku, lakini wodini, si nyumbani, presha ikipimwa mchana na usiku. Ikiwa kali na wiki 34 zimepita, mama hutulizwa kisha azalishwe.

Kati ya wiki 34 na 37, bila dalili kali, ndipo pagumu. Utafiti wa CRADLE-4, uliofanywa India na Zambia na kutolewa 2023, ulilenga wiki hizo hizo. Mama waliozalishwa kwa mpango walipatwa na presha kali kwa uchache kuliko waliosubiri, watoto waliofia tumboni walikuwa wachache zaidi, na watoto waliozaliwa mapema hawakuonekana kudhurika zaidi. Ulifanyika katika nchi zenye hospitali kama zetu, na ndiyo maana nauamini kuliko hekima ya kusubiri tu.

Ugonjwa ukifika kwenye ubongo, mama hudondoka kwa degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Kuna nyumba ambako kitaitwa chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, na watu watoke mbio kutafuta manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa, badala ya gari. Mila za watu sina sababu ya kuzidharau, lakini degedege hii inajulikana inakotoka na dawa yake inajulikana. Ni magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa Magpie wa 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Sindano zake za matakoni zinauma, na joto hupanda mwilini. Muuguzi atarudi mara kwa mara kugonga goti kuona kama mguu unaruka, kuhesabu pumzi na kuangalia mfuko wa mkojo umejaa kiasi gani. Ukimwona anafanya hivyo, jua anafanya kazi yake sawasawa.

Kuumwa kichwa kusikokwisha, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso na mikono kufura ghafla, mtoto kupunguza kucheza: mojawapo likitokea, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

"Mume lazima asaini." SI KWELI.

Mume anaweza kuwa kwenye mashamba ya chai Kericho, ziwani, au Nairobi na simu imezimwa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inampa mgonjwa mwenyewe haki ya kuelezwa na kukubali au kukataa, na mwanamke mtu mzima ni mgonjwa mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ni vyema mume awepo, tena ni vyema sana. Lakini wodi isingoje saini yake huku presha ikipanda.

"Kuzaa mapema maana yake ni kupasuliwa." SI KWELI.

Wengi huanzishiwa uchungu kwa vidonge, kwa mpira mdogo unaofungua mlango wa kizazi, au kwa dripu, na huzaa kwa njia ya kawaida. Upasuaji una sababu zake: kondo lililoziba njia, mtoto aliyechoka, mama asiyeweza kungoja saa za uchungu. Uliza ni ipi kati ya hizo inayokuhusu.

"Maji yakivunjika, lazima azae siku hiyo hiyo." INATEGEMEA.

Mimba ikiwa imetimiza wiki 37, ndiyo, uchungu usipoanza wenyewe huanzishwa. Kabla ya wiki 34 mara nyingi hospitali huchagua kusubiri, mama akiwa wodini, akipewa antibiotiki na kuchunguzwa joto. Hapa watu wa nyumbani hukasirika: "Maji yameisha, wanangoja nini?" Wanangoja mapafu. Ila homa ikipanda, maji yakitoa harufu au moyo wa mtoto ukienda mbio, kungoja kumekwisha na mtoto atolewe hata akiwa mdogo, kwa sababu uchafu ulioingia utawachukua wote wawili.

Asichopaswa mtu kufanya ni kurudi nyumbani na kitambaa, akinywa dawa za miti shamba za "kufunga" mimba.

"Kuna sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto." KWELI, lakini si kwa kila mtu.

Kuigundua kulianza na kondoo. Huko Auckland, New Zealand, daktari Graham Liggins aliona kwamba wana-kondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa steroidi waliweza kupumua vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Yeye na mwenzake Ross Howie wakaijaribu kwa wajawazito, na 1972 wakatoa matokeo. Inachokuza ni utelezi unaozuia vifuko vya hewa vya mapafu visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi.

Katika hospitali zetu mara nyingi huwa deksamethasoni, sindano nne, moja kila saa 12. Kwa nini basi asipewe kila mjamzito mwenye tatizo? Jibu, kwa sehemu, limetoka Kenya yenyewe. Mwaka 2015 utafiti uitwao ACT, uliohusisha nchi sita, Kenya ikiwemo, ulisambaza sindano hizo hadi vituo vidogo. Vifo vya watoto wachanga havikupungua. Kwa jumla viliongezeka, na maambukizi kwa kina mama pia. Wengi waliochomwa walikuwa na mimba kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Miaka mitano baadaye, utafiti wa WHO uitwao ACTION ulifanywa katika hospitali zenye skani na huduma ya watoto wachanga, nchini Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Mara hii vifo vilishuka, kutoka takriban 23 hadi chini ya 20 kwa kila watoto 100. Kwa kila wanawake 25 waliotibiwa, mtoto mmoja zaidi aliishi.

Dawa ilikuwa ya jamii ile ile. Kilichobadilika ni kujua umri wa mimba na kuwa na mahali pa kumpokea mtoto. Kama kuna jambo moja ningependa kila mtu wa Sondu alibebe kutoka makala haya, ni hilo.

"Njiti asipopata inkubeta, hana maisha." SI KWELI.

Tarehe 7 Agosti 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na kilo 2.1. Alipelekwa kwa mabingwa wa Boston, na baada ya siku mbili alifariki kwa mapafu machanga. Baba yake alikuwa na kila kitu isipokuwa ujuzi ambao haukuwepo bado. Leo mtoto wa uzito huo ni mgonjwa wa kawaida katika wodi za watoto wachanga za kaunti, akisaidiwa na mashine rahisi inayosukuma hewa puani huku mrija ukitoa mapovu kwenye chupa ya maji.

Na kwa joto, kifua cha mama kinatosha. Mbinu ya kangaroo ilianzia Bogotá, Colombia, 1978, inkubeta zilipopungua na watoto wakawa wanalazwa wawili watatu pamoja. Mtoto huvuliwa, akaachiwa nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi, kisha leso hufungwa kwa nguvu mpaka mama aweze kusimama bila kumshika. Saa nane kwa siku ndicho kiwango cha chini. Ikiwezekana, mchana na usiku. Baba anaweza, nyanya anaweza. Mwaka 2021 utafiti uliofanywa Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kwamba kuanza mapema, bila kungoja mtoto "atulie" kwanza, kulipunguza vifo kwa robo.

Hata hivyo kangaroo haitoshi kwa asiyeweza kupumua. WHO inasema katika nchi maskini nusu ya wanaozaliwa wiki 32 au chini hufariki, ilhali katika nchi tajiri karibu wote huishi. Pengo hilo si la damu wala la Mungu. Ni la huduma.

"Azalie hapa karibu, mtoto akiwa mdogo ndipo apelekwe Kisumu." SI KWELI, na ni hatari.

Kutoka Sondu hadi mji wa Kisumu ni takriban kilomita 50, kupitia Katito na Ahero. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu aliyefungwa blanketi nyuma ya gari, njia hiyo ni baridi, sukari inayoshuka na pumzi inayokatika. Kwa mtoto huyo huyo akiwa bado tumboni, mama amelala kwa ubavu wa kushoto, ni njia tu. Hakuna ambulensi iliyotengenezwa na mwanadamu inayoshinda tumbo la mama.

Kwa hiyo, ikionekana atazaliwa kabla ya siku na hali inaruhusu, mama ndiye asafiri. Kituo kidogo kina kazi tatu kabla ya gari kuondoka: magnesiamu ya kwanza na dawa ya kushusha presha kwa anayehitaji, sindano ya kwanza ya mapafu ikiwa umri wa mimba umehakikishwa, na simu kwa wanakokwenda ili wawe tayari. Uchungu ukiwa umeshakolea, asitolewe. Kuzalia Ahero kando ya barabara ni kubaya kuliko kuzalia Sondu.

Wapi basi? Nyakach ina hospitali ya kaunti Pap Onditi na ya misheni Nyabondo. Zaidi ya hapo kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Sovieti na kufunguliwa 1969. Upande wa pili kuna hospitali ya rufaa ya Kericho. Nimeshasema Sondu ni mpakani, na kila mtu hapa anakumbuka siku ambazo ghasia za mpakani zilifunga barabara. Mama mwenye presha ajue njia mbili, si moja, na asione aibu kuvuka kwenda kwa jirani. Uliza mapema kabisa, wiki ya 28 isifike hujauliza: hapa mna wodi ya watoto wachanga? Mna mashine ya mapovu? Mna daktari wa upasuaji usiku?

Wala tusidhani ni majengo makubwa tu yanayookoa. Chini kidogo ya ziwa, Kaunti ya Migori, pamoja na Busoga nchini Uganda, vituo 20 vilishiriki utafiti uliotolewa 2020. Vilivyopewa mafunzo ya mazoezi ya vitendo, orodha ya kukagua kila uzazi na utaratibu wa kuandika takwimu sawasawa vilipoteza takriban watoto 15 kwa kila 100 waliozaliwa mapema au wadogo. Vilivyopata sehemu tu ya msaada huo vilipoteza 23. Hakukuwa na mashine ya mamilioni pale. Walikuwa wauguzi waliofanya mazoezi pamoja mpaka kila mmoja akajua nafasi yake.

"Wiki 37 zikitimia unaweza kuchagua siku unayotaka." NUSU KWELI.

Penye ugonjwa, 37 ni wiki nzuri. Pasipo ugonjwa, haina haraka. Ubongo wa mtoto wa wiki 35 una uzito wa kama theluthi mbili ya ule atakaokuwa nao wiki ya 40. Wiki za mwisho hazikai bure. Akikuambia mtu uzalishwe wiki ya 37 au 38, muulize sababu, na aiandike kwenye kitabu cha kliniki. "Tumbo ni kubwa" si sababu. "Daktari anasafiri" si sababu. Wenye kushuku kwamba wakati mwingine pesa huharakisha kisu hawakosi kabisa, na dawa ya shaka hiyo ni swali hilo moja, si kukimbia hospitali.

"Mtoto akishatoka, presha imekwisha." SI KWELI.

Kondo likitoka ugonjwa huanza kurudi nyuma, lakini haurudi siku moja. Degedege inaweza kuja siku ya pili, ya tatu, hata ya saba, wakati wageni wamejaa nyumbani na mama anahangaika kati ya uji na njiti wake. Hapo mama husahaulika: kila mtu anamshika mtoto, hakuna anayemshika mama mkono kumfunga kipimo. Apimwe kabla ya kuruhusiwa, apimwe tena ndani ya siku tatu, ndani ya wiki mbili, na wiki ya sita. Na mimba inayofuata, amweleze muuguzi siku ya kwanza kliniki, kwa sababu asipirini ndogo inayoanzwa kabla ya wiki ya 20, pamoja na kalsiamu kwa wale ambao chakula chao hakina ya kutosha, hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Kama umejifungua wiki hii na kichwa kinakuuma mpaka unaona vimulimuli, usingoje kliniki ya chanjo ya mtoto. Nenda leo, na useme hivi hivi mlangoni: nimejifungua juzi, nilikuwa na presha, nipimeni sasa.